Nani alipitisha mabomba haya?

Askari wa Zimamoto aliingiza tochi kwenye dakti, ule uwazi wa wima unaopitisha mabomba toka ghorofa hadi ghorofa, akaumulika ukuta wa ndani taratibu kutoka chini kwenda juu, mpaka mwanga ukapotelea gizani. Kisha akauliza, "Nani alipitisha mabomba haya?"

Tulikuwa watano kwenye ile korido iliyojaa maji: askari wawili, mlinzi, mama mwenye jengo na mimi niliyeitwa asubuhi ile nije kufunga maji. Nikajibu, "Ni mimi, afande." Hakunifokea. Alisogea pembeni, akanipa tochi, akasema, "Angalia."

Nikaangalia. Dakti yote ilikuwa nyeusi tangu chini hadi ghorofa ya tatu, weusi wa masizi yenye mafuta, yale yanayobaki kwenye kidole hata ukinawa kwa sabuni. Bomba langu la inchi nne linaloteremsha maji ya vyooni lilikuwa limelegea na kuinama kama mshumaa ulioanikwa juani. Kule chini kabisa halikuwepo, limeyeyuka. Na kila lilipopita kwenye slabu, ile sakafu ya zege ya kila ghorofa, palikuwa na tundu. Slabu ya kwanza tundu lilikuwa wazi, vidole vyangu vitatu vikipita kati ya bomba na zege. Slabu ya pili niliziba kwa povu la kopo, lile la kupuliza linalovimba na kukauka. Naikumbuka siku yenyewe, ilikuwa Jumamosi na tulikuwa tunawahi malipo. Lile povu halikuwepo tena. Palibaki ganda jeusi ambalo ukiligusa linavunjika.

Moto wenyewe ulikuwa mdogo. Ilikuwa Julai, baridi ya Arusha ile ya kuvaa sweta mbili, na kwenye stoo ya duka la chini mtu aliacha hita imechomekwa kwenye ekstensheni iliyofunikwa na maboksi. Kiliungua chumba kimoja. Mlinzi aliwahi kupiga 114, gari likafika, moto ukazimwa kabla haujatoka nje ya ile stoo. Hakuna aliyeumia. Lakini juu, ghorofa ya tatu, kwenye vyumba vya wageni, alilala mama na mtoto wake, na kilichowaamsha ni kikohozi. Mama akafungua mlango wa korido, akakuta korido safi. Akageuka nyuma: moshi ulikuwa unatoka bafuni, nyuma ya choo, pale bomba linapoingilia ukutani. Alilowesha khanga, akamfunika mtoto, wakashuka ngazi. Alinisimulia mwenyewe asubuhi hiyo, mtoto yuko mapajani anakula andazi, nami nilishindwa kumtazama usoni.

Mimi ni mzaliwa wa Rombo. Kwetu neno moto lina uzito wake tangu Juni 1994, bweni la wasichana la Sekondari ya Shauritanga lilipoungua usiku na kuondoka na wanafunzi zaidi ya 40. Nilikuwa mdogo, ila nawakumbuka akina mama wakipita njiani wakilia, hakuna anayeuliza wanamlilia nani. Kwa hiyo kuuogopa moto sikufundishwa na mtu. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mimi, fundi bomba niliye kazini miaka 19, mtu wa maji, nina sehemu yangu katika habari za moto.

Niwaeleze wasio mafundi jinsi tundu linavyopatikana. Slabu inamwagwa bila kuachiwa nafasi za mabomba, kwa sababu mchoro wa bomba haupo, au upo kwenye simu ya mtu. Fundi bomba anakuja baadaye na nyundo na patasi, anatindua. Huwezi kutindua tundu lililo sawasawa na bomba. Unalipanua, maana bomba lazima lisimame wima na zege halichaguliki linapasukia wapi. Bomba likishapita, ile nafasi inayobaki pembeni inajazwa chochote kilicho karibu: karatasi ya mfuko wa saruji, vipande vya tofali, povu, halafu juu unapaka mota kidogo ili pasionekane. Kesho yake anakuja fundi vigae, anafunika. Hakuna atakayepaona tena mpaka siku kama ile.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwenye duka ninalonunulia vifaa miaka yote. Dada wa pale ananijua, akanisalimia, "Fundi, za kazi? Nikupe nini?" Nikamwambia, "Leo dada yangu nataka kusoma makopo tu." Akanipangia mezani makopo matatu ya povu, ukubwa ule ule. La kwanza, la bei ya chini, lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo sana pembeni mwa maelezo: B3. La pili, B2. La tatu alilishusha rafu ya juu likiwa na vumbi, nalo lilikuwa B1. Miaka yote hiyo nilikuwa nanunua la kwanza. Ile B nilidhani ni namba ya toleo la kiwanda.

Kumbe ni daraja la moto, kutoka kiwango cha Wajerumani kiitwacho DIN 4102. Herufi A ni ya vitu visivyoungua, B ni ya vinavyoungua. B1 ni kigumu kushika moto, B2 kinashika kwa kiasi cha kawaida, B3 kinashika kirahisi, na huko kwao Ujerumani kitu cha B3 hakiruhusiwi kubaki hivyo hivyo ndani ya jengo. Siku hizi Ulaya nzima ina mpangilio mwingine, EN 13501, unaoanzia A1 hadi F. Zege na tofali ziko A1, mbao ya kawaida huangukia D. Pembeni ya herufi wanaongeza s kwa ajili ya moshi, na d kwa ajili ya matone yanayodondoka yakiwa yanawaka. S1 ni moshi mdogo na s3 ni mwingi, d0 maana yake hakuna matone. Wamarekani nao wana yao, ASTM E84: wanalaza kitu kwenye dari ya tanuri refu, zaidi ya mita saba, wanapima kwa dakika 10 miali inakimbia hadi wapi, na alama 0 hadi 25 ndiyo daraja A. Madukani kwetu utakuta zote hizi zimechanganyika rafu moja, kwa kuwa bidhaa zinatoka kila upande wa dunia. Fundi anayejua kusoma PN 10, alama ya shinikizo, kwenye bomba la maji hashindwi kusoma s3 kwenye ubao wa dari. Hatujazoea kuitafuta, basi.

Nilinunua yote matatu. Nyumbani nikamimina donge moja moja juu ya vipande vya bati, yakakauka, tukayajaribu nje uwanjani, mimi na chalii wangu wa kazi, tukiwa tumesimama upande upepo unakotokea. Lile la B3 nilisogeza tu kiberiti. Moto ulilipanda lote kabla sijarudisha mkono, moshi mweusi mzito, na sekunde chache baadaye donge lilikuwa ganda lile lile nililoliona kwenye dakti. La B2 lilishika, ila likawaka polepole. La B1 liligeuka jeusi pale moto ulipoligusa, na kiberiti kilipoondoka likazima. Lakini yote matatu yalitoa moshi, na moshi wa povu hili una kaboni monoksaidi na sianidi ndani yake. Hata lile bora, likiungua, hutaki kulivuta.

Nikajisemea: basi, dawa imepatikana, kuanzia leo B1. Na silikoni nyekundu, ile iliyochorwa mwali wa moto kwenye tyubu. Nilikaa na uhakika huo wiki nzima. Ulikuwa uhakika wa bure, na aliyenionyesha ni huyo chalii, mwenye miaka 20, ambaye bado namfundisha kukata bomba likanyooka.

Tulichukua tofali la saruji la inchi sita, tukalitoboa katikati, tukapitisha kipande cha bomba la PVC la inchi mbili, tukazungushia ile silikoni nyekundu kwa ustadi wote, kwa kidole kilicholoweshwa maji ya sabuni. Tukaiacha siku nne ikauke. Jumapili baada ya ibada tukalilaza tofali juu ya jiko kubwa la mkaa, lile la nyama choma, mdomo wa bomba ukiangalia makaa. PVC hulainika kwenye nyuzi 80 hivi. Maji ya chai yanayochemka yameshapita hapo. Haikufika dakika mbili bomba likaanza kujikunja, likanywea, likadondoka lote kwenye makaa na kufumka moshi mweupe unaochoma macho na koo. Klorini iliyomo kwenye hiyo plastiki inatoka ikiwa asidi, na ndiyo maana nawasihi msijaribu kitu hiki kwenu.

Moshi ulipopungua tukasogea. Silikoni haikuwa na kosa lolote. Ilibaki pale pale imelishika tofali barabara, kingo zake tu zimegeuka unga mweupe. Ilikuwa pete nzuri kabisa. Na katikati ya pete palikuwa na tundu la inchi mbili, ndimi za moto zinapanda humo moja kwa moja.

Chalii akainama, akachungulia, akaniuliza, "Sasa fundi, hii imeziba nini?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Miaka 19 nilikuwa naziba kandokando ya bomba, nikisahau kwamba bomba lenyewe ni tundu. Likiwa la chuma, linabaki mahali pake na mota nzuri pembeni yake inatosha kuzuia miali. Likiwa la plastiki, moto ukija linaondoka, na nafasi yake yote inakuwa njia. Hapo unahitaji kitu kinachofanya kazi kinyume: joto likipanda, kivimbe. Mafundi wa kizungu wanalifungia bomba kola, bangili ya bati yenye utepe wa grafaiti ndani, au utepe wenyewe mtupu unaozungushwa ndani ya tundu. Arusha sikuzipata. Niliagiza Dar, zikaja kwa basi.

Tukarudia lile jaribio, tofali jipya, bomba jipya, safari hii tumelivisha utepe. Ni mweusi, mgumu, unene wa mkanda wa suruali. Bomba lilipoanza kulainika, utepe ukaanza kufutuka kama bisi kwenye sufuria, tabaka juu ya tabaka, ukalibana bomba kiunoni kama mtu anayefunga mdomo wa gunia, hadi kuta zake zikakutana katikati. Moshi ukakatika. Tulikaa pale mpaka mkaa ukaisha, kama dakika 40, na juu ya tofali hakukupita kitu. Chalii alipiga picha nyingi kuliko za harusi ya dada yake.

Kwenye boksi la zile kola palikuwa na karatasi imekunjwa, na hiyo karatasi nimeisoma kuliko kitabu chochote mwaka ule. Imeandikwa EI 60. Hii ni lugha nyingine kabisa, haifanani na ile B1. B1 inajibu swali moja: kitu hiki chenyewe kikiguswa na moto, kinafanyaje? EI 60 inajibu lingine: ukuta huu, ukiwa na tundu hili na bomba hili, utauzuia moto upande wa pili kwa muda gani? E ni kwamba miali na gesi za moto hazipenyi. I ni kwamba hata joto halipenyi kupita kiasi. Upande ule wa pili lisiongezeke zaidi ya nyuzi 140 kwa wastani, wala nyuzi 180 mahali popote. Na 60 ni dakika. Tanuri la kupimia linapandishwa joto kwa kanuni ya ISO 834: dakika ya tano karibu nyuzi 576, nusu saa 842, saa nzima 945. Jiko langu la mkaa lilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hilo.

Lililo zito zaidi kwenye karatasi ile ni masharti. Ile 60 ni ya bomba la PVC lisilozidi milimita 110, yaani inchi nne yetu, likipita kwenye ukuta wa unene fulani, tundu likiwa na nafasi isiyozidi kiasi fulani, imejazwa mota kwa kina kilichotajwa. Kwenye slabu kola inafungwa upande wa chini, maana moto unatoka chini. Kwenye ukuta zinafungwa mbili, kila upande moja, maana hujui moto utatokea wapi. Ukibadilisha bomba, ukapunguza kina, ukaifunga kwa gundi badala ya skrubu, ile 60 si yako tena. Tyubu au kola peke yake dukani haina dakika yoyote. Dakika zinapatikana pale ukutani, kwa mkono wa fundi.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za Grenfell Tower, ghorofa ya London iliyoungua tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72. Moto ulianzia kwenye friji, jikoni, ghorofa ya nne. Ulitoka nje ya dirisha ukakuta jengo limevishwa paneli za alumini zenye plastiki ya polithini katikati, ukapanda hadi juu. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotoka Septemba 2024, ilieleza jinsi baadhi ya waliouza vifaa hivyo walivyozitumia karatasi za majaribio kupotosha wanunuzi. Niliposoma hapo nilisimama, nikatoka nje kidogo. Karatasi zilikuwepo.

Turudi kwenye jengo letu. Mama mwenye jengo alitaka uwazi wa dakti upande wa korido ufunikwe kwa siling ya PVC, ile ya vipande virefu vinavyong'aa. "Fundi, hii ni rahisi na haitaki rangi." Nikamwambia, "Mama yangu, naomba dakika zako kumi." Nikachukua kipande cha jipsamu cha nusu inchi kilichobaki kwenye kazi nyingine, nikabandika nyuma yake kipande cha gazeti, nikawasha tochi ya gesi upande wa mbele. Karatasi ya juu ya jipsamu iliungua mara moja, halafu basi, jipsamu tupu, nyeupe, inakuwa nyekundu pale mwali unapogusa. Mama alishika pochi yake akiangalia gazeti la nyuma. Dakika zikapita, gazeti halikubadilika rangi, likaanza kulowa tu. Nikamweleza kwamba jipsamu moja ya tano ya uzito wake ni maji, yamefungwa ndani ya jipsamu yenyewe, na moto hauwezi kupita mpaka uyachemshe yote yaishe. Kuna na ile ya moto hasa, yenye nyuzi za kioo ndani zinazoishika isipasuke maji yakishakwisha. Kisha nikaelekeza ile tochi kwenye kipande cha siling ya PVC. Hakikuchukua muda. Mama akasema, "Toa hicho, nimeona." Tukafunga tabaka mbili za jipsamu ya moto kwenye fremu ya chuma, na mlango mdogo wa chuma wa kukagulia.

Matundu yalikuwa 18. Slabu tatu, dakti mbili, na kila dakti ina mabomba matatu: la inchi nne, la inchi mbili na la maji safi. Mama alinunua vifaa, mimi sikuchukua hela ya ufundi, kwa sababu kazi ile nilishalipwa zamani kabla sijaimaliza. Chalii alikuwa na daftari. Kila tundu alilipa namba, akaandika kipenyo, nafasi, kina cha mota, akapiga picha kabla na baada. Daftari linakaa kwenye jengo. Askari yule wa Zimamoto aliporudi kukagua alilifungua ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali ya maana, akaomba kupiga picha kurasa mbili.

Siku hizi kwenye kila kotesheni yangu kuna mstari unaojitegemea: kuziba matundu ya mabomba, idadi kadhaa, kwa vifaa kadhaa. Wateja wawili wameukata kwa kalamu. Mmoja tulikaa tukaelewana. Wa pili nilimrudishia kazi yake, na nyumbani tulilala tunahesabu ada za watoto, lakini nilimrudishia.

Tundu la 18 lilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye ile dakti ya pili ambayo haikuungua, nyuma ya vigae ambavyo mama aliviagiza mwenyewe na havipatikani tena. Nilimwita aje aone kwanza. Alisimama mlangoni mwa bafu, akavitazama kitambo, akasema, "Vunja, fundi."

Nikapitisha grainda, nikatoa vigae viwili, nikagonga ile mota nyembamba juu. Ilikuwa na unene wa biskuti. Chini yake nilikuta karatasi ya mfuko wa saruji imekunjwa mara nne, na juu yake, kwa penseli, vipimo vyangu vya siku ile, mwandiko wangu mwenyewe. Nilipoivuta, hewa ya vuguvugu ikanipiga usoni kutoka chini, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwenye mgahawa wa ghorofa ya chini.